Karafuu ndani ya glasi: ladha ya Meursault inatoka wapi

Kazi yangu ni kufundisha wahudumu wa hoteli, wengi wao vijana wa Unguja, Pemba, Tanga na Dar es Salaam. Baadhi yao hawanywi kileo wala hawana nia ya kuanza, nami sijawahi kumshurutisha mtu. Mhudumu anatakiwa ajue anachomimina, na kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo pua inatosha. Siku moja nilifungua chupa ya Meursault, divai nyeupe ya Ufaransa iliyolala kwenye mapipa ya mwaloni, nikapitisha glasi mkono kwa mkono. Binti mmoja wa Kipemba aliinusa, akarudia tena, akanitazama kwa mashaka.

"Mwalimu, hii wametia karafuu."

Wenzake waliangua kicheko. Niliwanyamazisha, kwa sababu pua iliyokulia kando ya majamvi ya karafuu ilikuwa imesema kweli kuliko maelezo mengi yanayobandikwa nyuma ya chupa. Hakuna aliyetia karafuu. Lakini harufu ile haikuwa ya kufananishwa tu na karafuu, ilikuwa ileile yenyewe. Wanakemia wanaiita eujenoli. Ndiyo inayojaza sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na imo pia, kwa kiasi kidogo sana, ndani ya mbao za mwaloni. Divai ikikaa ndani ya pipa mwaka mzima au zaidi, huinyonya taratibu.

Kijana aliyekaa nyuma akauliza: kama karafuu imetoka kwenye pipa, basi huo udongo wa Ufaransa unaosifiwa kila siku unafanya kazi gani?

Hapo ndipo penye fundo. Muuzaji atakuambia ladha ni ya udongo. Fundi wa mapipa atakuambia ni ya mbao. Mteja aliyezoea divai za Afrika Kusini au Marekani atakuambia ni ya Chardonnay, yaani aina ya zabibu. Kila mmoja ameshika ncha ya kamba na anaivuta upande wake. Mimi huanza kulifungua fundo hili kwa kuwasomesha wanafunzi lebo, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Lebo isiyotaja zabibu

Kwenye chupa ile limeandikwa Meursault kwa herufi kubwa. Neno Chardonnay halimo. Meursault ni kijiji kilicho kilomita chache kusini mwa mji wa Beaune, katika jimbo la kale la Bourgogne, mashariki ya Ufaransa. Kina mnara mrefu wa kanisa, nyumba za mawe, na mizabibu inayoanzia ukutani mwa nyumba za mwisho. Divai nyeupe ya hapo kwa kawaida ni Chardonnay, lakini hawaoni haja ya kuandika. Jina la mahali linatosha.

Kwetu jambo hili si geni. Ukienda sokoni ukaambiwa huu ni mchele wa Kyela, huulizi jina la mbegu. Kyela inakueleza harufu, inakueleza wali utakavyokuwa sinia likifunuliwa. Tofauti ni kwamba mfanyabiashara yeyote anaweza kuandika Kyela kwenye gunia alilojaza mchele wa kwingine, na mimi mwenyewe nimeshanunua gunia la namna hiyo. Meursault inalindwa na sheria. Ufaransa iliunda mfumo wake wa majina ya asili mwaka 1935, na Meursault ikaingizwa mwaka 1937. Sheria inataja mipaka ya mashamba, aina za zabibu zinazoruhusiwa, namna ya kupogoa na kiasi cha juu cha mavuno kwa hekta. Mkulima mwenye shamba hatua moja nje ya mpaka haruhusiwi kuandika jina hilo, hata kama divai yake ni nzuri kuliko ya jirani.

Ndani ya jina moja kuna ngazi. Ya chini kabisa ni Bourgogne, inayoweza kutoka popote katika jimbo zima. Juu yake ni jina la kijiji peke yake: Meursault. Juu ya hapo kijiji hufuatwa na jina la shamba na maneno Premier Cru. Kilele ni Grand Cru, na Bourgogne nzima ina mashamba 33 tu ya ngazi hiyo. Meursault haina hata moja, jambo linalowashangaza wateja wanaolipa fedha nyingi kwa jina hilo. Jirani zake wa kusini, Puligny na Chassagne, wanagawana shamba liitwalo Montrachet, lenye ukubwa wa hekta 8 hivi, na sifa ya shamba hilo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1879 vijiji vyote viwili vililiunganisha na majina yao. Ndiyo maana leo tunasema Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet.

Meursault inajivunia mashamba matatu ya Premier Cru kuliko mengine: Perrières, Genevrières na Charmes. Majina haya si mapambo. Perrières limetokana na machimbo ya mawe yaliyokuwa hapo. Genevrières linakumbusha vichaka vya mjunipa vilivyoota kabla ya mizabibu. Wenyeji huita kila kipande cha namna hii *climat*, na hapa neno hilo halihusiani na hali ya hewa. Maana yake ni shamba lenye jina lake, mipaka yake na sifa yake iliyokwisha kujulikana. Bourgogne ina vipande 1,247 vya aina hiyo, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Watawa, wagawaji na mkate wa shayiri nyeusi

Nani alijua kwamba kipande hiki kina sifa na kile cha pembeni hakina? Hakuna mtu mmoja. Ni mazoea ya karne nyingi, na sehemu kubwa ya mazoea hayo yalikuwa ya watawa. Abasia ya Cîteaux ilianzishwa mwaka 1098 kaskazini-mashariki ya hapo, na watawa wake walipata mashamba katika mteremko huu, Meursault ikiwamo. Mtawa hauzi shamba, hahami, na akifa anaachia mwenzake jembe na daftari. Wakalima kipande kilekile kizazi hadi kizazi, wakaona wapi theluji huyeyuka mapema, wapi maji hutuama, wapi zabibu hukawia kuiva. Mipaka mingi tunayoisoma leo kwenye lebo ilitokana na uangalizi wa namna hiyo.

Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yaliwanyang'anya mali. Mashamba ya kanisa yalitaifishwa na kupigwa mnada. Kisha sheria za urithi za enzi ya Napoleon zikataka watoto wote wagawane sawa, na vipande vikazidi kukatwakatwa. Matokeo yake ni kwamba shamba moja lenye jina moja linaweza kuwa na wamiliki makumi, mwingine akiwa na mistari michache tu ya mizabibu. Kwa hiyo mhudumu akisoma "Meursault Charmes" bado hajamaliza kusoma. Lazima aangalie na jina la mzalishaji, kwa sababu majirani wawili wanaotenganishwa na njia ya trekta wanaweza kutoa divai ambazo hazifanani kabisa.

Kuna habari moja ya zamani ambayo wanafunzi wangu huipenda. Mwaka 1787, Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa balozi wa nchi yake Paris. Alisafiri kupita Bourgogne akiandika kila alichoona. Katika vijiji vya Pommard na Volnay, vinavyotoa divai nyekundu, aliona vibarua wakila mkate mzuri wa ngano. Alipofika Meursault, mwendo mfupi tu mbele, wakawa wanakula mkate wa shayiri nyeusi, nafaka ya maskini. Akauliza sababu. Wakamwambia divai nyeupe huharibika mara nyingi zaidi kuliko nyekundu na hubaki bila mnunuzi, kwa hiyo mkulima hamudu kumlisha kibarua vizuri. Na kwa nini wasilime nyekundu? Kwa sababu mawe yamezidi.

Jibu hilo la wakulima lina uzito mkubwa. Hawakusema ardhi yao ni ya baraka. Walisema ni ya mawe, na kwamba walikwama na divai nyeupe kwa sababu hiyo. Jefferson mwenyewe aliipenda, akaagiza ya shamba liitwalo Goutte d'Or, yaani tone la dhahabu, ambalo lipo hadi leo. Mwaka 1923 Jules Lafon, mmoja wa wenye mashamba wa Meursault, alifufua karamu ya kumaliza mavuno iitwayo Paulée, akala na wavunaji wake. Karamu hiyo sasa hufanyika kila Novemba na kila mgeni huja na chupa zake. Kutoka mkate wa shayiri nyeusi hadi karamu inayotafutiwa nafasi na matajiri wa dunia, mawe ni yaleyale.

Jiwe lina ladha?

Mteremko wa Meursault unaelekea mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi hulipata shamba mapema. Chini yake kuna mwamba wa chokaa uliotokana na bahari ya kale, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na juu ya mwamba huo kuna mchanganyiko wa chokaa na udongo wa mfinyanzi. Mashamba yenye sifa yako katikati ya mteremko, kwenye mwinuko wa mita 230 hadi 300 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukishuka bondeni udongo unakuwa mzito na wenye kina, maji yanakaa, mzabibu unanenepa majani, na divai inashuka daraja. Ukipanda juu sana unakuta mwamba mtupu na baridi.

Watu hunywa Perrières wakasema wanasikia jiwe. Naamini wanasikia kitu, ila hawasikii jiwe lililoyeyuka. Mzizi haunyonyi ladha ya mwamba na kuipeleka kwenye tunda. Unanyonya maji na chumvichumvi za madini kwa kiasi kidogo mno kuweza kuonjeka, na chokaa yenyewe ukiilamba haina cha kukuambia. Kazi ya udongo ni nyingine, na kwangu ni ya ajabu zaidi kuliko hadithi ya jiwe. Udongo unaamua mzabibu unywe maji kiasi gani na wakati gani. Ule wa mawe unapitisha mvua haraka, hivyo mzabibu hauzidi kunawiri na nguvu zake zinakwenda kwenye vishada vichache vidogo. Zabibu zinaiva bila kupoteza uchachu wake. Uchachu huo, pamoja na harufu za salfa zinazotoka kwenye hamira wakati wa kuchachuka, kama ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, ndio ambao ulimi wa wengi huuita jiwe.

Tena mizizi yenyewe ya Meursault si ya Kifaransa. Mwaka 1878 mdudu wa filoksera, aliyeletwa na miche kutoka Marekani, aligunduliwa katika mashamba ya kijiji hiki. Alikula mizizi, mashamba yakakauka kote Bourgogne. Dawa iliyopatikana ni ileile tunayoitumia kwenye maembe na machungwa: kubebesha. Kikonyo cha Chardonnay hupandikizwa kwenye shina la mzabibu wa Kimarekani ambao mdudu hauwezi. Hivyo mguu uliozama katika udongo ule mtukufu ni wa mgeni.

Na Chardonnay naye ana asili isiyo ya kitajiri. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa ni mtoto wa Pinot, mzabibu wa heshima, na Gouais Blanc, mzabibu wa wakulima wa kawaida uliodharauliwa kiasi cha kupigwa marufuku mara kadhaa. Kwa tabia ni zabibu yenye harufu ya wastani, isiyopiga kelele. Ndiyo maana inaonyesha kwa urahisi yote inayotendewa, shambani na ndani ya pipa.

Mti wa miaka 180

Sasa pipa. Mwaloni unaosifiwa zaidi kwa mapipa hutoka katika misitu ya katikati ya Ufaransa, na jina linalotajwa kwanza ni Tronçais, katika mkoa wa Allier. Msitu huo ulipangwa upya katika karne ya 17 chini ya Colbert, waziri wa mfalme Louis XIV, aliyetaka mbao za kuundia meli za vita. Miti ilipandwa kwa kubanana ili ishindanie mwanga, iende juu moja kwa moja bila matawi ya chini na inenepe polepole. Meli za mbao zilikwisha, miti ikabaki, na hukatwa ikiwa na miaka 150 hadi 200 au zaidi.

Huwa nawaambia wanafunzi wafikirie hivi: mwaloni unaokatwa leo ukiwa na miaka 180 ulichipua miaka ya 1840, wakati Seyyid Said akiwa amehamishia makao yake Unguja na mikarafuu ikienea katika visiwa vyetu. Miti miwili iliyokua pamoja, mmoja huku na mwingine kule, bila kujuana, yote ikitengeneza eujenoli.

Gogo la mwaloni wa Kifaransa halipasuliwi kwa msumeno, hupasuliwa kwa kabari kufuata nyuzi zake. Ukilikata kwa msumeno unakata mishipa yake na pipa litavuja. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya gogo haifai kwa pipa. Vipande vinavyopatikana hupangwa nje, hewani, miaka 2 au 3, vikinyeshewa na kuanikwa na jua hadi vigeuke rangi ya majivu, na mvua ikaviosha ukali unaokausha mdomo.

Kisha inakuja kazi ya moto, ambayo natamani kila mhudumu aione mara moja. Fundi husimamisha mbao 30 hivi ndani ya pete ya chuma, zikiwa zimebanana juu na zimetawanyika chini kama sketi. Chini yake anaweka kikapu cha chuma chenye moto wa vibanzi vya mwaloni uleule. Analowesha mbao kwa kitambaa huku moto ukifanya kazi kwa ndani, na zinapolainika anazungushia kamba ya waya chini na kuikaza taratibu. Mbao zinalia, zinainama, sketi inafunga, na chombo kinapata tumbo. Hakuna gundi, hakuna msumari unaoshika mbao kwa mbao. Kisha analiacha pipa juu ya moto kwa muda zaidi, na muda huo ndio unaoamua harufu. Joto linavunja mti na kutoa vanila. Linatoa harufu ya moshi na lozi za kukaanga. Eujenoli imo. Imo pia laktoni, ambayo ni harufu ya nazi, na mwaloni mweupe wa Marekani unayo kwa wingi kuliko wa Ufaransa. Kwa hiyo divai ikinukia tui kwa nguvu, kuna uwezekano pipa lake lilivuka bahari.

Pipa la Bourgogne huitwa *pièce* na hubeba lita 228, sawa na chupa 300 na kidogo. Linaponunuliwa jipya ni gharama kubwa kwa mkulima mdogo, na hutoa harufu yake nyingi kwa divai ya kwanza. Ya pili hupata kidogo, ya tatu mabaki. Baada ya miaka 4 au 5 pipa halina tena vanila wala karafuu ya kutoa.

Wengi hufikiri pipa la namna hiyo ni la kutupwa. Kumbe linaendelea na kazi ambayo wakulima wengi wa Meursault huithamini zaidi: kupumua. Hewa kidogo mno hupenya kwenye maungio na kwenye tundu la kizibo, na kidogo hicho huilainisha divai na kuifunga vizuri. Divai nayo hupungua kwa kutoka kama mvuke, kwa hiyo mtu hupita kila baada ya siku kadhaa akijaliza kila pipa hadi juu. Wafaransa husema kilichopungua ni fungu la malaika. Mzalishaji wa Meursault kwa kawaida huchanganya mapipa mapya na ya zamani, kila mmoja kwa kipimo chake. Basi divai "iliyolala kwenye mwaloni" si lazima inukie mwaloni. Mhudumu akilishika hili peke yake, amewapita wengi wanaouza.

Kuna jambo jingine linalokwenda kinyume na akili ya kawaida. Divai iliyochachukia ndani ya pipa tangu ilipokuwa maji ya zabibu hunukia mbao kidogo kuliko ile iliyochachukia kwenye tangi la chuma ikahamishiwa pipani baadaye. Sababu ni hamira. Ikiwa hai huibadilisha sehemu ya vanila kuwa kitu kisicho na harufu, na ikifa hutua chini kama mashapo na kunasa vingine. Meursault huchachukia pipani na hukaa juu ya mashapo hayo miezi mingi. Zamani karibu kila mmoja alikuwa na fimbo ya kuyakoroga ili divai ipate unene mdomoni. Siku hizi wengi wamepunguza, kwa sababu divai ilizidi kuwa nzito.

Na siagi je?

Neno la kwanza la wateja kuhusu Meursault ni siagi, na wengi wanaihesabu kuwa ya pipa. Si ya pipa wala ya udongo. Zabibu ina asidi ileile iliyomo kwenye tufaa bichi. Baridi ya kule ikiisha na joto likiingia ghalani, bakteria huamka na kuigeuza kuwa asidi ya maziwa, ile ya mtindi. Katika kazi hiyo huacha kitu kinachonukia siagi. Binti wa karafuu aliposikia hivyo alisema basi ni kama maziwa yanavyolala usiku yakaamka mengine, na sijapata mfano bora kuliko huo.

Kwa hiyo karafuu ni ya mti, siagi ni ya bakteria, kiberiti ni cha hamira. Udongo umebakiwa na nini? Umebakiwa na uchachu, uzito, kipimo cha kuiva, na umebakiwa na jambo moja ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Puligny, kijiji cha jirani, maji ya ardhini yako karibu na uso. Ukichimba kidogo unakutana nayo, kwa hiyo maghala yenye kina ni adimu. Meursault maji yako chini zaidi, wakachimba maghala marefu yenye baridi, na divai ikaweza kubaki ndani ya mapipa hadi majira ya pili ya baridi. Jiolojia imeamua pipa lifanye kazi muda gani. Anayetaka kutenganisha udongo na mbao hapo atapata shida.

Mwaka 1976 mjini Paris, majaji Wafaransa waliwekewa Chardonnay za Bourgogne na za California bila kuona majina. Ya kwanza ikawa Chateau Montelena ya 1973 kutoka California. Ya pili ikawa Meursault Charmes ya mzalishaji Roulot, ya mwaka huohuo. Waliosema siku ile iliua hadithi ya udongo walikosea kidogo. Iliua hadithi ya kwamba ubora ni wa mahali pamoja. Zabibu husafiri, pipa husafiri, ujuzi husafiri. Kinachobaki Meursault ni sura ya Meursault, kama sura ya mtu: haimfanyi bora kuliko wengine, ila huwezi kumchanganya na mwingine.

Sura hiyo yenyewe sasa inatikiswa. Beaune kuna kumbukumbu za tarehe za mavuno tangu mwaka 1354. Hadi 1987 wastani wa kuanza kuvuna ulikuwa Septemba 28. Kati ya 1988 na 2018 wavunaji walianza siku 13 mapema zaidi kwa wastani. Zabibu zinazoiva kwenye joto hupoteza uchachu, yaani kitu kilekile walichokiita jiwe. Na kwa kuwa machipukizi nayo hutoka mapema, baridi kali ya Aprili huyakuta yamefunguka. Aprili 2021 wakulima waliwasha mishumaa mikubwa usiku kucha kati ya mistari ya mizabibu, na bado mavuno mengi ya zabibu nyeupe yalipotea. Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kule ni mara moja, na usiku mmoja unatosha kuondoka na mwaka mzima.

Jambo la mwisho ambalo huwafundisha ni la mezani. Friji zetu za hoteli zimewekwa baridi ya kuhifadhi soda. Meursault ikitoka humo moja kwa moja ni bubu. Itoe dakika 20 kabla, ifikie nyuzi 12 au 13, na usiimimine kwenye glasi nyembamba. Kwanza utapata limau na ua jeupe, kisha lozi na siagi, na mbao huja nyuma.

Siku ile somo lilipokwisha tulikusanya glasi. Binti wa Kipemba alikuwa akizipanga kwenye trei, akaichukua ile ya kwanza, iliyokwisha kukauka, akaiinamia. Harufu nyepesi zote zilikuwa zimeshapaa.

"Mwalimu, njoo unuse," aliniita. "Sasa imebaki karafuu tupu."